Gol Gumbaz ya Bijapur: kuba zito namna ile, ndani hakuna nguzo hata moja. Uzito unakwenda wapi?

#1 Tao la Nane
Wakuu, salaam.

Naomba tulichambue jengo moja: Gol Gumbaz, kaburi la Sultani Muhammad Adil Shah aliyetawala Bijapur, nyanda za Deccan huko India, kuanzia 1627 hadi 1656. Ndani ni chumba kimoja tu cha mraba, kila upande mita 41 na kitu. Katikati hakuna nguzo. Juu limekaa kuba la matofali na chokaa lenye unene wa mita 3 hivi, na kuta nazo ni mita 3. Nje huoni viegemeo vya ukuta, huoni nusu-kuba za kusaidia kama Hagia Sophia ya Istanbul, wala mkanda wa chuma.

Kuba husukuma kuta nje, hilo kila fundi analijua. Sasa hapa msukumo unamezwa na nini? Nimekutana na majibu matatu, na yote yametoka kwa watu wanaoijua kazi. Dai langu: siri ni matao manane yanayokatana chini ya kuba. Mengine yote ni pambo.

Halafu tusisahau, hili ndilo kuba la pili kwa ukubwa duniani.

#2 Bint Hesabu
La pili kwa kipimo gani? Ile mita 44 inayotajwa kila mahali ni kipenyo cha nje. Kwa ndani ni mita 37.9. Pantheon ya Roma ina 43.3 ndani, Mtakatifu Petro kule Vatican 41.5, na Firenze nayo inalipita. Ukichukua nje ya huyu ukailinganisha na ndani ya yule utapata mshindi umtakaye. Na hapo sijagusa viwanja vya michezo vya siku hizi.

#3 Mdekani
Bint Hesabu yuko sawa kwa kipenyo, ila lile dai halikuzuka hewani. Asili yake ni eneo la sakafu. Mraba wa futi 135 na nusu hivi kwa kila upande unatoa takriban mita za mraba 1,700 zilizofunikwa na kuba moja. Pantheon ni duara, kwa hiyo 43.3 yake inatoa kama 1,470. Waandishi wa karne ya 19, James Fergusson akiwemo, walilinganisha sakafu, na kwa hesabu hiyo Bijapur inaishinda Roma. Waongoza watalii wakabeba neno "kubwa" wakaacha neno "sakafu".

#4 Chumvi Kidogo
Kwa hiyo mwanafunzi kafeli hesabu, kaomba apimwe kwa jiografia, kaongoza darasa 😂

#5 Mchora Ramani
Turudi kwenye swali. Anayetaka kuelewa matao manane achukue karatasi achore.

Chora mraba wa sentimita 41.3 (sentimita moja iwe mita moja). Juu ya kila upande weka nukta mbili, moja upande huu wa katikati na nyingine upande ule, kila moja sentimita 8.5 kutoka katikati. Una nukta nane. Ziunganishe kwa kuruka moja: ya kwanza na ya tatu, ya tatu na ya tano, hadi urudi ulikoanza. Kisha anza na ya pili ufanye vivyo hivyo. Umepata miraba miwili iliyopandana, mmoja umezungushwa nyuzi 45. Kila mstari hapo ni tao. Yako manane na yanakatana, na katikati yamebakiza umbo la pembe nane.

Pima upana wa pembe nane hiyo: 31.6 hivi. Ukitoa unene wa matao yenyewe unakaribia kipimo cha jengo, ambacho ni tundu la futi 97, yaani mita 29.6. Mikunjo inaanza kujitokeza futi 57 juu ya sakafu, mita 17 na ushei.

Sasa ndipo penye utamu. Tundu ni mita 29.6, lakini kuba lina mita 37.9 kwa ndani. Maana yake kuba halijakaa kwenye mdomo wa tundu. Limerudi nyuma mita 4 kila upande. Ile varanda ya ndani ambayo watu huenda kunong'ona ndiyo huo upana uliobaki.

#6 Tao la Nane
Shukrani Mchora Ramani, umenifanyia kazi yangu. Maelezo ya Fergusson yanaanzia hapo hapo. Zile pembe zilizojikunja (pendentivu kwa lugha ya wasanifu) zinaning'inia kuelekea ndani. Uzito wake unataka kuangukia katikati ya chumba, huku kuba linataka kufunguka nje. Moja linavuta huku, lingine linasukuma kule, wanamalizana wenyewe kabla ukuta haujasumbuliwa. Mzani.

#7 Fundi Chokaa
Mzani ni mzuri kwenye karatasi. Mimi naangalia ujenzi wenyewe.

Henry Cousens, aliyelipima jengo hili na kuliandikia mwaka 1916, alieleza kuwa kuba limejengwa kwa safu za matofali zilizolala, na katikati ya safu kuna matabaka manene ya chokaa. Safu zimelala tambarare kabisa, hazikuinamishwa kuelekea kitovu kama jiwe la tao. Hiyo ni tofauti kubwa. Tao hufanya kazi kwa mawe kubanana. Hapa kilichopo ni bonge moja la chokaa lenye matofali ndani yake, kama zege lenye kokoto. Bonge likishaganda ni chungu kilichofunikwa, na chungu hakisukumi mtu.

Lakini lazima ligande, na unene wa mita 3 si mchezo. Chokaa tupu huganda kwa kuvuta hewa ukaa, na hewa haifiki katikati ya mita 3 upesi. Nje inakuwa jiwe, ndani inabaki jibini. Ndiyo maana mafundi wa India walizoea kuchanganya unga wa matofali yaliyochomwa, wanauita surkhi. Unazima chokaa shimoni, unaiacha ilale majuma kadhaa ili punje zote zife (punje isiyozimika huja kuvimba ukutani na kuirusha lipu), ndipo unachanganya surkhi. Chokaa na surkhi huganda hata pasipo hewa, hata penye unyevu. Bila kitu cha namna hiyo kuba la unene huu lingekaa miaka mingi likiwa laini moyoni.

#8 Bint Hesabu
Fundi, "chungu hakisukumi mtu" ni kweli mradi chungu kisipasuke. Tufanye hesabu.

Nusu-tufe tupu, nusu kipenyo 22 nje na 18.95 ndani: mita za ujazo 8,000 hivi. Weka tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo ya tofali na chokaa, unapata zaidi ya tani 14,000. Ni makisio ya haraka, msininukuu kortini.

Kuba la nusu-tufe linalobeba uzito wake lenyewe lina mpaka, kama nyuzi 52 kutoka kileleni. Juu ya mpaka huo kila pete ya kuba inabanwa, na tofali linapenda kubanwa. Chini ya mpaka pete inavutwa, inataka kukatika. Chokaa ni dhaifu sana kwa kuvutwa. Ndiyo maana makuba mengi ya zamani yana nyufa zinazopanda kutoka kitako kwenda juu kama maganda ya chungwa. Pantheon inazo. Bonge au si bonge, mvutano wa chini upo.

#9 Mzee wa Nondo
Tungetia nondo tu yaishe.

#10 Fundi Chokaa
#9 nondo ndani ya chokaa, mahali penye masika? Ingeshika kutu, ikavimba, ikalipasua kuba zima. Bora walivyoacha.

#11 Mzee wa Nondo
Basi niseme la maana. Mnagombania kuba mmesahau kilicho chini. Ukuta wa mita 3, mchemraba wa mita 47.5 kwa nje, na kila kona mnara wenye ghorofa saba. Msukumo wa kuba ukikutana na uzito wa ukuta, jumla yao inainama kidogo tu kutoka wima. Mradi ule mstari wa nguvu unatua ndani ya unene wa ukuta, jengo halina habari. Minara minne inashika kona, mahali ambapo mraba ungefunguka kwanza. Matao manane yanahamisha mzigo kutoka duara kwenda mraba, basi. Sifa ni ya ukuta.

#12 Mchora Ramani
Kwa ukuta nakubali nusu. Kwa minara, hapana. Ile minara ni ya pembe nane, ina uwazi ndani kwa ajili ya ngazi, na kila ghorofa imetobolewa madirisha ya matao pande zake. Ni myepesi. Mtu akitaka kiegemeo hatoboi madirisha mfululizo hadi juu. Tena mzigo wa matao unatua kwenye zile nukta nane za ukutani, mita 12 hivi kutoka kila kona. Kona zenyewe ndizo zenye mzigo mdogo.

#13 Mzee wa Nondo
Ngazi ndani ya kona ni uzito juu ya kona. Uzito wa kwenda chini ndio dawa ya msukumo wa kwenda nje. Sijasema ni magongo.

#14 Bint Hesabu
Hapo #7, #8 na #11 wote wanaweza kuwa sahihi kwa nyakati tofauti. Chokaa ikiwa mbichi jengo lilitegemea umbo na uzito. Ikishaganda linategemea ubonge. Kuba likipasuka kitako linarudi kutegemea ukuta. Anayetaka kujua leo linategemea nini aende kutafuta nyufa, na aangalie zinapita wapi: juu ya vilele vya matao au juu ya nukta nane.

#15 Kipepeo
Samahani nawakatisha. Walijengaje bila msitu mzima wa mbao? Kenchi ya kubeba mita 38 ingekuwa na ukubwa gani?

#16 Fundi Chokaa
Swali zuri. Kwa safu za kulala huhitaji kiunzi cha kujaza kuba lote. Kila safu ukiifunga duara inajishika yenyewe, kwa sababu haiwezi kuporomokea ndani bila tofali lote kubanana. Unasimama juu ya unene wa kuba lenyewe, mita 3 ni barabara, na varanda ya ndani ni jukwaa la bure. Taabu iko juu karibu na kileleni, safu inapotokeza mno kuelekea ndani na chokaa mbichi inateleza. Pale kiunzi kidogo hakikwepeki. Kosa la kawaida katika kazi hii ni haraka: ukipandisha safu mpya kabla ya ile ya chini kushika, duara linakuwa yai.

#17 Chumvi Kidogo
Duara linakuwa yai, na mkandarasi anakuwa hapatikani kwa simu.

#18 Mwana Mwangwi
Mbona hakuna aliyegusa sauti? Hili jengo kwa watu wengi ni mwangwi. Ukipiga kofi moja kwenye varanda unarudishiwa mara kumi.

#19 Mdekani
Mara saba, mara kumi, mara kumi na moja, inategemea unamsikiliza nani.

#20 Bint Hesabu
Inategemea pia watoto wangapi wa shule wako ndani. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde. Kwenda ng'ambo ya kuba na kurudi ni mita 76 kasoro, sekunde 0.22. Mara kumi ni sekunde 2.2. Sikio linatenganisha kofi na mwangwi wake kwa urahisi kwa nafasi ya 0.22. Kwa hiyo kumi inawezekana kabisa, sharti kimya kiwepo na kofi liwe kavu. Ukiimba hutahesabu kitu, sauti inajipanda yenyewe.

#21 Mwana Mwangwi
Tusichanganye mambo mawili. Kofi linaruka kutoka ukuta hadi ukuta na kurudi, huo ni mwangwi. Mnong'ono ni kitu kingine. Ukiweka mdomo karibu na ukuta ukanong'ona, sauti inaambaa na mviringo badala ya kutawanyika chumbani, na aliye ng'ambo anaisikia akitega sikio ukutani. Nusu ya mzunguko ni mita 59.5, inafika kwa sekunde 0.17. Lord Rayleigh ndiye aliyeliweka wazi jambo hili akieleza kuba la Mtakatifu Paulo, London, na C. V. Raman akalifanyia kazi tena miaka ya 1920. Wapo wanaoshikilia kwamba kuba linakusanya sauti kwa juu kama kioo cha kurunzi na kuishusha upande wa pili. Jaribio ni rahisi: anayesikiliza ajitenge na ukuta hatua mbili. Mnong'ono ukipotea, ulikuwa unaambaa.

Na je, walikusudia? Hapo ndipo vita.

#22 Tao la Nane
Hawakukusudia. Varanda ile imetokana na kulirudisha kuba nyuma ya mdomo wa tundu, tazama #5. Ilizaliwa na hesabu ya uzito, sauti ikaja kama nyongeza. Golghar ya Patna ilijengwa 1786 iwe ghala la nafaka, nayo ina mwangwi maarufu. Mchele haukuhitaji mwangwi.

#23 Mwana Mwangwi
Ghala halikupakwa lipu laini kwa ndani ili kisomo kisikike. Kaburi la sultani husomewa Qurani. Siwezi kuamini hawakulifikiria sikio.

#24 Nakshi
Mmemaliza uhandisi, naomba nafasi ya macho. Jengo hili husemwa halina sanaa. Kweli nje limebaki tupu, na lipu yenyewe haikukamilika. Sultani alifariki 1656 na kazi ikasimama. Maandishi juu ya mlango wa kusini yanatoa mwaka wa kifo chake kwa hesabu ya herufi, 1067 Hijria.

Lakini tazameni kitako cha kuba: kimezungukwa na majani makubwa ya yungiyungi yaliyochanua, kuba linachomoza kama tumba. Ni pambo, na ni ujanja pia. Maungio ya duara na paa la mraba ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kuitazama, na majani yanaificha. Kisha kuna upapi mpana wa jiwe unaotokeza chini ya ukingo wa paa, umebebwa na mikono ya jiwe iliyopangwa kwa karibu. Unatupa kivuli kinachoukata ukuta mrefu vipande viwili, na unarusha maji ya masika mbali na ukuta.

Anayetaka nakshi ya mkono aende upande wa pili wa mji, Ibrahim Rauza, kaburi la baba yake, Ibrahim Adil Shah wa Pili, aliyefariki 1627. Madirisha yake ni mabamba ya jiwe yaliyotobolewa, na matundu yanafuata herufi za Kiarabu. Mwanga unaingia kupitia maandishi. Baba alichagua nakshi, mtoto akachagua ukubwa.

#25 Chumvi Kidogo
Mtoto wa tajiri huyo. Sisomi, nanunua kubwa.

#26 Mdekani
Mjukuu alikuwa mbaya zaidi. Ali Adil Shah wa Pili (1656 hadi 1672) alianza kaburi lake, Bara Kaman, alitaka kupita wote. Yamebaki matao meusi yasiyo na paa. Mwaka 1686 Aurangzeb akaichukua Bijapur na hadithi ya usultani ikaishia hapo.

#27 Pwani Yetu
Nilisoma kwamba Gol Gumbaz ilijengwa na Mwafrika. Kuna ukweli?

#28 Mdekani
Kuna ukweli jirani yake. Mjenzi anayetajwa ni Yaqut wa Dabul. Malik Sandal anatajwa kwenye maandishi ya Ibrahim Rauza. Yule shujaa wa Ahmadnagar, usultani mwingine wa Deccan, aliyechukuliwa Ethiopia akiwa mtumwa akafika kuwa mtawala halisi, ni Malik Ambar, alifariki 1626, na kaburi lake lipo Khuldabad. Sasa yasomeni majina hayo kwa Kiswahili: yakuti, sandali, ambari. Kito, mti wa kunukia na manukato. Ndiyo majina waliyopewa watumwa wa majumba ya kifalme. Ndiyo maana baadhi ya watu wanamhesabu Yaqut kuwa Habshi, yaani Mwafrika wa huko Deccan. Ni dalili, si hati.

Kisicho na ubishi ni Ikhlas Khan, Habshi, waziri mwenye nguvu kuliko wote wakati wa Muhammad Adil Shah huyu huyu. Ipo picha ya Bijapur ya mnamo 1645, kazi ya Haidar Ali na Ibrahim Khan, inayomwonyesha sultani na Ikhlas Khan wakiwa juu ya tembo mmoja. Mtu mweusi nyuma ya mfalme, kavaa dhahabu. Kuba lilikuwa linapanda wakati huo.

#29 Pwani Yetu
Asante sana. Basi nasi tuna sehemu yetu.

#30 Mdekani
Polepole mkuu. Mahabshi wa Deccan wengi wao walitoka upande wa Ethiopia. Ukileta Kilwa hapa utafukuzwa na Bint Hesabu.

#31 Bint Hesabu
Kilwa ilete kwa makuba yake, Msikiti Mkuu unayo ya matumbawe na chokaa, karne tatu kabla ya Gol Gumbaz. Ila usiseme ni ndugu.

#32 Kipepeo
Na waliozikwa ni nani? Nimeona majeneza kadhaa kwenye jukwaa la katikati.

#33 Nakshi
Yale ya juu ni alama tu, makaburi yenyewe yako kwenye chumba cha chini. Yupo sultani, wake zake Taj Jahan Begum na Arus Bibi, mcheza ngoma wake Rambha, binti na mjukuu. Alama ya sultani imefunikwa na kibanda cha mbao. Hadithi kwamba Rambha alijirusha kutoka varandani kuthibitisha mapenzi husimuliwa sana na waongozaji. Haijapimwa kwa rula.

#34 Mzee wa Nondo
Kimo je? Naona 51 huku, 60 kule.

#35 Mchora Ramani
Fergusson anatoa futi 198 nje, kama mita 60, na futi 175 ndani, kama 53. Ile 51 inatajwa bila kusema imepimwa wapi hadi wapi. Kabla ya kunukuu kimo uliza: kutoka ardhini au kutoka jukwaani, na je, ncha ya juu imehesabiwa?

#36 Fundi Chokaa
Nyongeza kwa watakaolikarabati jengo la aina hii popote. Msizibe ufa wa chokaa kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jirani yake na haipitishi unyevu. Maji yanabaki nyuma yake, yanatafuta njia pembeni, yanabeba chumvi, na baada ya masika kadhaa lipu nzuri ya zamani inabanduka huku kiraka cha saruji kimebaki kinang'aa. Ufa safisha vumbi kwa brashi, lowesha mpaka usinywe tena, jaza chokaa nyembamba kwa awamu, kila awamu ipewe siku zake.

#37 Tao la Nane
Nalegeza kidogo. Nilisema matao na mengine pambo. Nakubali ukuta wa #11 unafanya kazi. Ubonge wa #7 bado siununui, kwa sababu ya mvutano wa #8.

#38 Fundi Chokaa
Usiununue. Umesimama tangu 1656, hauuzwi.

#39 Bint Hesabu
Atakayepita Bijapur aende asubuhi mlango ukifunguliwa, apande ngazi za mnara (nyembamba, za kupishana kwa ubavu), atoke juu ya paa, azunguke kitako cha kuba nyuma ya yale majani. Natafuta jambo moja tu: nyufa za wima zimeanzia juu ya kilele cha tao au juu ya nukta za ukutani? Mlete picha za pande zote nane, si ule wa kusini peke yake.

#40 Chumvi Kidogo
Na kofi mhesabu. Mimi nasema tisa.